Mshono Uliopakwa Rangi: Frateri, Pikapu na Amri ya Saba



Leo tuna somo la amri ya saba, ile ya "Usiibe", lakini tutaingilia mlango wa nyuma. Namaanisha mlango wa nyuma kweli, ule wa pikapu.

Wengi wenu mnajua niko kwenye mwaka wa kichungaji. Nimemaliza falsafa, na kabla ya kuanza teolojia nimetumwa kuishi parokiani, huku juu kwenye Milima ya Uluguru, upande wa Mgeta. Nilipanda huku na shahada yangu ya falsafa, begi moja la vitabu na mikono laini kabisa. Watu wa huku wanalima kabichi, karoti, njegere na viazi kwenye miteremko ambayo mimi napata shida hata kusimama. Wiki ya kwanza tu nilishaona kwamba Aristotle hatanisaidia kubeba gunia.

Parokia ina pikapu moja, na ni kubwa kwangu kwa umri. Inabeba kila kitu: mabenchi ya vigangoni, saruji, matoleo ya mavuno, na siku nyingine jeneza. Aliyepita barabara ya kutoka Sangasanga kupanda huku wakati wa masika anajua gari linavyoteseka. Basi mlango wake wa nyuma ulikuwa umechoka. Kutu imeula upande wa chini, bawaba moja imekatika, na kilichokuwa kinaushikilia ni kamba ya katani na maombezi ya Mtakatifu Kristofa.

Stoo kulikuwa na mashine ya kuchomelea ambayo mfadhili mmoja aliiacha, ndogo, ya kubeba begani. Nikamwambia Paroko, "Padre, niachie mimi huu mlango." Akaniangalia mikono. Akasema, "Haya, Frateri. Lakini umwone mzee kwanza."

Mzee ni jirani yetu, fundi wa vyuma. Alifanya kazi Morogoro mjini enzi zile viwanda vya ngozi na turubai vilipokuwa vinanguruma, halafu akarudi kwao milimani. Alinifundisha jioni mbili tu. Ningekuwa na akili, ningeomba ishirini.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba kuchomelea siyo kubandika. Mimi nilidhani unayeyusha ile fimbo juu ya vyuma viwili kama unavyopaka gundi, vinashikana. Kumbe hapana. Chuma cha kawaida kinayeyuka kwenye nyuzi kama 1,500 za Sentigredi, na pale kwenye ncha ya fimbo moto unapita nyuzi 3,000. Kazi ya ule moto ni kuyeyusha kingo za vyuma vyote viwili, pamoja na fimbo, vichanganyike viwe kitu kimoja, ndipo vipoe. Kama kingo hazikuyeyuka, unachokiona juu ni uji uliogandia. "Umepaka, hujachomelea," ndivyo anavyosema mzee, na akilisema hilo neno "umepaka" unatamani ardhi ipasuke.

Kitu cha pili nilikijua baada ya kuharibu. Bati la mlango wa pikapu ni jembamba, kama milimita moja au pungufu. Nilichukua fimbo ya milimita 2.5, nikaweka ampea 80, nikaigusisha kwenye bati. Tundu! Kidole kinapita. Nikajaribu kuliziba, likawa kubwa zaidi. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha kwamba bati jembamba hulichomelei mshono mrefu: unatengeneza kwanza fremu ya mabomba ya mraba, hiyo ndiyo inabeba nguvu, halafu bati unalishika kwenye fremu kwa boliti na doti chache chache, ukisubiri lipoe kati ya doti na doti.

Sasa, mimi sikutaka kutengeneza tu. Nilitaka kuboresha. Mlango wa awali ulikuwa na urefu wa sentimita kama 45 kwenda juu. Nikaamua kuupandisha mpaka 80, ili tukibeba kabichi zisimwagike kwenye kona. Wazo zuri. Ila angalieni kinachotokea mlango ukifunguliwa. Unalala, unashikiliwa na bawaba chini na minyororo miwili pembeni. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiwekwa sentimita 40 kutoka kwenye bawaba unavuta kwa kiasi fulani. Ukiwekwa sentimita 80, unavuta mara mbili. Ni kanuni ya nyenzo tuliyofundishwa sekondari. Kwa hiyo vile vipande viwili vya chuma vinavyoshika minyororo kwenye fremu, vidogo kama kiganja, ndivyo vinabeba kila kitu. Kimoja kikikatika, mzigo wote unaangukia miguu ya kijana anayeshusha.

Kipande cha kushoto nilikichomelea mzee akiwa amesimama nyuma yangu. Kabla ya cha kulia, akapata taarifa ya msiba Matombo, akaondoka, na kofia yake ya kuchomelea akaifungia ndani. Akaniambia, "Nisubiri." Sikusubiri.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Nilivuta umeme kwa waya mwembamba wa mita 30 kutoka jikoni, saa ambayo kijiji kizima kimewasha taa na umeme umelegea. Fimbo zilikuwa zimekaa wazi kwenye shelfu wiki nzima, na ukungu wa huku mnaujua, hata chumvi inalia. Fimbo zenye unyevu na umeme dhaifu havipatani. Zilikuwa zinanata, zinatema, zinazimika. Machoni nilivaa miwani ya jua. Nilipomaliza, mshono ulifanana na matone ya nta chini ya mshumaa wa Pasaka.

Nikachukua grinda nikausawazisha. Na hapa ndipo somo letu linapoanza. Nilipokuwa nasawazisha niliona mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kati ya kile kipande na bomba. Mzee alishanionyesha ule mstari kwenye vyuma chakavu. Maana yake vyuma havikuungana. Niliuona. Nilisimama kama dakika moja nikiuangalia. Halafu nikachukua brashi na ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mafundi wanaiita redoksaidi, nikapaka. Ukapendeza! Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la VIWAWA, zikaja zile alama za makofi na "Frateri fundi, hongera!"

Baada ya chakula Padre akaniuliza, "Frateri, mlango tayari? Jumatatu nashuka mjini kuchukua saruji ya kigango."

Nikajibu, "Tayari, Padre."

Saa saba usiku niliamka nikadhani kuna mtu amenimwagia mchanga machoni. Siyo mfano wa kiroho huo, ni macho kweli. Mwanga wa kuchomelea una mionzi inayounguza uso wa jicho kama jua linavyounguza ngozi, na husikii chochote wakati ule. Maumivu yanakuja saa sita, nane, hata kumi na mbili baadaye. Miwani ya jua haisaidii. Machozi yanatiririka, ukifumba inauma, ukifumbua inauma zaidi. Mtu wa namna hiyo halali, na asiyelala anafikiri.

Nilichofikiria ni ukurasa mmoja wa Mtakatifu Thoma wa Akwino ambao niliufanyia mtihani, na nikafaulu vizuri tu. Katika Summa, sehemu ya kwanza ya pili, swali la 57, Thoma anamfuata Aristotle kutofautisha ufundi na busara. Ufundi ni akili iliyonyooka katika kutengeneza vitu. Busara ni akili iliyonyooka katika kutenda. Halafu anasema jambo ambalo darasani tuliliona kama kichekesho: katika ufundi, anayekosea kwa makusudi ni bora kuliko anayekosea bila kutaka. Fikiria mwalimu wa kwaya anayeimba noti mbaya makusudi ili kuwaonyesha waimbaji kosa. Bado ni mwanamuziki. Anayekosea bila kujua, huyo ndiye bado hajaiva. Lakini katika matendo ya kibinadamu ni kinyume chake: anayekosea akijua na akitaka ni mbaya zaidi kuliko aliyeteleza.

Nikaanza kujipima pale kitandani, macho yakiwaka. Mshono mbovu wa saa kumi na moja jioni lilikuwa kosa la ufundi. Sikutaka uwe mbovu. Mimi ni mwanafunzi, na mwanafunzi haibi anapokosea. Kwa kosa hilo dawa ni mazoezi. Ila brashi ya rangi, robo saa baadaye, lilikuwa kosa la aina nyingine kabisa. Pale mkono wangu haukuteleza. Rangi niliipaka vizuri sana, kwa ustadi, bila kuacha sehemu. Na lile neno "tayari" nililitamka vizuri pia. Ndani ya robo saa nilikuwa nimetoka kwenye kosa ambalo Mungu analichukulia kama baba anavyochukulia kuanguka kwa mtoto anayejifunza kutembea, nikaingia kwenye kosa linalohitaji toba.

Vijana, nadhani hapo ndipo tunapochanganya sana. Tunaona aibu kwa kile ambacho si dhambi, yaani kutokujua, na ili kuficha aibu hiyo tunafanya ile ambayo ni dhambi. Msichana hajaelewa hesabu (hiyo si dhambi), anaona aibu kuuliza, anaishia kuangalizia mtihani. Kijana wa bodaboda hana hela ya breki mpya (umaskini si dhambi), anamwambia abiria "panda mama, chombo kizima hiki".

Tena Kanisa lina neno la wazi kabisa juu ya hili, na mimi nililipata kwa kuchelewa. Fungueni Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2409, chini ya amri ya saba. Pale Kanisa linaorodhesha mambo ambayo, hata kama sheria ya nchi haiyafikii, ni ya kuchukua mali ya mwenzio isivyo haki: rushwa, kukwepa kodi, kughushi hundi na ankara. Na katikati ya orodha hiyo, pamoja na hayo makubwa, kuna kazi iliyofanywa vibaya. Niliisoma mara tatu. Kazi mbovu iko kwenye fungu la wizi! Haisemi kazi ya anayejifunza. Ni kazi ambayo mwenzako anailipia, au anaiamini, kama nzima, na wewe unajua si nzima. Mimi sikuchukua shilingi ya parokia. Nilichochukua ni imani ya Padre, na pengine ningechukua miguu ya mtu.

Asubuhi, kabla ya Misa ya kwanza, nilimfuata sakristia macho yamevimba. Nikamwambia kipande cha kulia hakijashika. Akaniuliza swali moja tu, na angeweza kuwa amekaa na Thoma usiku kucha: "Jana ulikuwa hujui, au ulijua?"

"Nilijua, Padre."

Akanyamaza. Akavaa stola yake. Halafu akasema, "Nenda zahanati macho yatazamwe. Ukirudi, lete nyundo."

Zahanati waliniosha macho, wakanipa dawa ya kupaka, wakaniambia nikae gizani na nisifikiche. Kwa kawaida baada ya siku moja au mbili yanatulia, na yalitulia. Kuna waliokuja na ushauri wa maziwa na vipande vya viazi. Nilishukuru, viazi nikavila.

Mchana tukapiga nyundo. Kile kipande cha kulia kilidondoka pigo la pili. Chini yake bomba lilikuwa safi, linang'aa, hata ile mafuta ya kiwandani haijaungua vizuri. Cha kushoto Padre alikipiga kumi na moja (nilihesabu), kikapinda kidogo lakini hakikutoka. Jumatatu akashuka mjini na kamba yake ya katani kama zamani. Hakulisema jambo hilo mbele ya mtu yeyote. Kwenye kundi la VIWAWA nililisema mwenyewe, maana picha niliituma mwenyewe.

Nilienda pia kuungama. Msiniulize ilikuwa ya mauti au nyepesi. Hiyo ni yangu na muungamishi wangu. Ila niwakumbushe Katekisimu namba 1459: maondoleo yanaondoa dhambi, lakini hayatengenezi kila kilichoharibiwa na dhambi. Aliyeiba anatakiwa kurudisha. Aliyemchafulia mtu jina anatakiwa kulisafisha. Mimi padre alinipa sala za malipizi, nikazisali, na mlango bado ulikuwa haufungi.

Mzee aliporudi kutoka msibani nilimweleza yote. Hakucheka safari hii. Alinipa vipande thelathini vya chuma chakavu, akasema niviunganishe viwili viwili, kila kimoja nikibane kwenye jiliwa, nikivunje, nimletee nilichokiona ndani. Tulikausha fimbo karibu na jiko, tukatumia waya mnene na mfupi, na tukafanya kazi asubuhi, umeme ukiwa na nguvu. Jozi tisa za kwanza zilivunjika kama biskuti. Ya kumi na moja ilipinda chuma chenyewe kabla mshono haujaachia. Sijawahi kufurahia cheti chochote kama kile chuma kilichopinda.

Nilipokuwa navunja vyuma nilisoma tena Yoshua bin Sira, sura ya 38, kuanzia aya ya 24. Kitabu hiki tunacho sisi Wakatoliki, na wengi hatukifungui. Mwandishi, ambaye ni msomi kama sisi tunaojidai, anamwelezea mfua chuma karibu na moto, joto likimchoma mwili, sauti ya nyundo ikimziba masikio, macho yake yote kwenye kazi, moyo wake wote kuimaliza vizuri. Anakiri kwamba watu hawa hawaitwi kwenye mabaraza. Lakini bila wao hakuna mji unaokalika, na kazi yao yenyewe ndiyo sala yao. Nilikuwa nimelisoma zamani nikadhani ni sifa za kuwafariji mafundi.

Na kama mnatafuta rafiki mbinguni kwa kazi hizi, yupo Mtakatifu Eligio, mlinzi wa wafua vyuma, tunamkumbuka tarehe 1 Desemba. Aliishi Ufaransa karne ya 7, alikuwa sonara kabla hajawa askofu wa Noyon. Inasimuliwa kwamba mfalme alimpa dhahabu ya kutengeneza kiti kimoja cha enzi, naye akarudisha viti viwili kutoka kwenye dhahabu ileile. Mfalme alizoea mafundi wanaosema dhahabu imepungua motoni.

Kwa wale wanaotaka kuanza, maana nimeshapata ujumbe wa vijana watatu wenye mashine nyumbani: uondoeni mlango kwenye gari kabla ya kuchomelea. Mkishindwa kuuondoa, mwiteni fundi. Kazi ya moto karibu na tangi la mafuta si ya kujifunzia, na betri isikae imeungwa. Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kuelezwa mafuta na moto vinafanya nini. Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, tulipoteza ndugu zaidi ya 100 kwa lori moja la petroli, na kila nikipita pale ninawaombea. Mabomba yaliyopakwa zinki, yale meupe ya maji, msiyachomelee ndani ya chumba. Moshi wake unaleta homa ya kutetemeka usiku kama malaria. Kofia yenye kioo cheusi namba 10 au 11 ni lazima, na yule mdogo wako anayependa kuangalia cheche, mfukuze kabisa. Wanaoweza kufika VETA Kihonda waende wakasome. Mimi nimejifunza kwa mzee mmoja na kwa macho yangu, na njia hiyo ina gharama. Na nyundo kabla ya rangi. Daima nyundo kabla ya rangi.

Mlango sasa unafanya kazi mwezi wa tatu. Nilipunguza urefu mpaka sentimita 65 baada ya kupiga hesabu upya, na vishikio vya minyororo nimevichomelea na kuviongezea boliti, mzee akashuhudia. Upande wa kulia mshono wangu una mawimbi, hauvutii. Wiki iliyopita tulishusha saruji kigangoni, vijana wanne, na mimi nilikuwa yule anayesimama chini kabisa, upande wa kulia.

Kile kipande kilichodondoka ninacho mezani. Kinazuia karatasi zangu zisipeperuke, maana upepo wa huku jioni hauna adabu.

Frateri wenu,
Uluguru